Anayekata Asisome

Watu wengi hawajui kwamba muhuri huweza kukatwa kwa mkono. Wanadhani unazaliwa mezani kwa karani, pamoja na stepla na bakuli la pini. Mimi nimekata mihuri kwa miaka thelathini na mmoja. Kama umewahi kugongewa IMEPOKELEWA kwenye karatasi yako, kisha karatasi yenyewe isionekane tena, niwie radhi, huenda muhuri ule niliukata mimi. Kuipoteza karatasi si kazi yangu.

Kazi hii niliirithi kwa Baba, na sikuirithi peke yangu. Tulikuwa wawili, mimi na mdogo wangu wa kiume, ambaye tangu utotoni tunamwita Redio. Alikuwa na tabia ya kupanda juu ya ndoo iliyofudikizwa, ameshika mwiko mbele ya mdomo, anatutangazia habari za nyumba: nani kalowesha godoro, mboga gani imeungulia, Baba karudi na uso wa namna gani. Mama alikuwa akicheka mpaka anakaa chini. Sauti alikuwa nayo. Hata leo sitamnyima haki yake, sauti anayo.

Baba alikuwa mtu wa masharti, na sharti lake kubwa lilikuwa hili: anayekata asisome, na anayesoma asikate. Alisema jicho la mkataji husamehe. Mkono ukishakosea, jicho linaona ulichokusudia, halioni ulichokata. Basi akaigawa kazi katikati kama mkate. Redio alipokea wateja, akaandika maneno yao kwa penseli na rula kwenye karatasi nyembamba, akaigeuza karatasi juu ya raba na kuisugua kwa mgongo wa kijiko mpaka maandishi yakahamia kwenye raba, yamegeuka kinyumenyume. Kisha akafunga juu yake kadi ngumu yenye tundu, na tundu lenyewe lilikuwa na upana wa herufi moja tu. Raba ilinifikia hivyo. Nilisogeza kadi, nikaona herufi, nikaikata, nikasogeza tena. Na kwa kuwa maandishi yamegeuka, neno lilinijia kuanzia mkiani. Nimekata majina ya shule, ya maghala, ya vyama vya mazishi na ya watu ambao baadaye walifungwa jela, bila kujua nakata nini.

Usinihurumie. Niliipenda kazi hiyo kuliko nilivyowapenda watu wengi. Niliolewa, nikafiwa mapema, mtoto sikujaliwa, na baada ya hapo starehe zangu zote zilihamia katika chumba kile cha mbele. Meza yangu ilikuwa dirishani. Saa tatu na nusu jua lilifika kwenye ukingo wa meza, na likishapanda juu ya kopo la visu ilikuwa saa nne kamili. Saa ya mkononi sikuwa na haja nayo. Nilipenda wembe mpya unavyoingia kwenye raba mara ya kwanza, bila sauti. Nilipenda kukung'uta makombo ya raba kwenye aproni kabla ya chai, na kuyafagia baada ya chai, ingawa yangeweza kufagiwa yote kwa mara moja. Kila mtu ana upumbavu wake unaomfurahisha.

Saa nne ilikuwa sherehe yetu. Chupa ya chai nilikuja nayo mimi kutoka nyumbani, karanga alinunua Redio kwa mama anayeuza pale mlangoni. Yeye alizitupa mdomoni kwa kiganja. Mimi nilipasua kila moja, nikatoa kile kimoyo chake, ndipo nikaila, naye akanicheka kila siku kana kwamba ameniona leo. Daktari alikuwa amemwambia apunguze sukari, nami nikawa askari wa kijiko. Nikigeuka kuchukua kitambaa, alijiongezea vijiko viwili na kukoroga taratibu bila kugonga kikombe, ili nisisikie. Nilijua. Nilimwachia, kwa sababu ilimfurahisha kudhani kwamba amenipiga chenga.

Kisha tulifungua kitabu. Kilikuwa kitabu kikubwa cha jalada gumu, alikianzisha Baba, na ndani yake kila muhuri tuliokata uligongwa mara moja kabla ya kukabidhiwa mwenyewe. Redio aliupaka wino, akaugonga, akapuliza, akakohoa, kisha akatangaza: "Hii ni taarifa ya habari kutoka mezani kwa dada! Chama cha Ushirika wa Wafuga Nyuki. Katibu. Sahihi na tarehe!" Ndipo nami nikajua nimekata nini siku mbili nzima. Kitabu kilibaki wazi mpaka chai iishe na wino ukauke. Hiyo pia ilikuwa sheria ya Baba.

Wateja tuliwabatiza kwa mihuri yao. Kulikuwa na Bwana Imelipwa, ambaye hakuwahi kulipa kwa wakati. Kulikuwa na Mama Nakala Halisi, karani wa shule, mwanamke mnyoofu kama rula. Walizidi kupungua mwaka hadi mwaka, maana kule mbele ya barabara kulifunguliwa duka lenye mashine inayotoa muhuri wakati mteja anasubiri amesimama. Mimi sikujali. Tulikuwa na wateja wa kututosha chai na karanga, na chumba kilikuwa chetu.

Nimesema chetu. Ngoja nilieleze hili, maana ndipo mwiba ulipo. Baba alipofariki, hati ya chumba ilibidi ibadilishwe jina. Siku ya kwenda kuandikisha mimi nilikuwa hospitali, nimekaa kitandani kwa Mama. Redio akaja mpaka wodini kuniuliza, "Dada, niandikishe majina yetu wawili? Watakutaka na wewe uje kutia sahihi." Nikamwambia, "Andika lako. Kwani mimi na wewe ni wawili?" Mama alikuwa anasikia. Alitabasamu, nadhani ilikuwa mara yake ya mwisho kutabasamu akiwa na fahamu zake. Sikuwahi kuyajutia maneno hayo kwa miaka kumi na tisa.

Siku ya muhuri wenyewe ilikuwa Jumanne. Nilikuwa nimekata kazi moja ndefu, mistari mitatu, ya wakala wa nyumba na viwanja. Mteja nilikuwa nimemwona mara mbili: bwana mwenye viatu vya kung'aa, aliyeingia akatazama dari, akagonga ukuta kwa vidole, akatoka nje kuzungumza na Redio barazani. Nilidhani anaogopa chumba kitamwangukia. Nilimtania Redio, nikamwambia, "Bwana Viatu amekuja kununua muhuri au kuoa?" Redio akacheka, kicheko kifupi. Sikukipima kicheko kile. Mtu hapimi kicheko cha nduguye.

Jua likapanda kopo la visu. Nikamimina chai. Redio akaupaka muhuri wino, akaugonga, akatangaza: "Taarifa ya habari! Wakala wa Nyumba na Viwanja. Mtaa wa Stesheni, nyumba namba tisini. Wewe ndoto, sisi funguo!" Sauti ilikuwa nzuri mno. Nikacheka maneno ya mwisho, nikasema mtu wa viatu vile lazima awe na maneno kama yale. Naye papo hapo akakifunga kitabu, pap, akakisukuma kando, akasema ana simu ya kupiga. Chai yake aliiacha nusu. Niliona kwamba kitabu kimefungwa kibichi. Niliona, nikasema moyoni, leo ana haraka, nikapasua karanga yangu.

Kesho yake hatukuwa na muhuri wa kugonga. Alhamisi mchana Redio akatoka, akaniambia anakwenda kutafuta wino, nami nikakifungua kitabu kutazama namna nilivyowahi kukata alama fulani ya nyota. Kitabu nilikuwa nikikifungua kwa ajili hiyo tu, kutazama mikato, si maneno. Kikafunguka pale pale palipofungwa kibichi. Kurasa zilikuwa zimegandana kidogo, zikaachana kwa mlio. Ukurasa wa kulia ulikuwa na muhuri. Na ukurasa wa kushoto, uliotakiwa kuwa mtupu, nao ulikuwa na muhuri, hafifu, umegeuka kinyumenyume.

Mtu mwingine angeona doa. Lakini herufi zilizogeuka ndizo herufi zangu, nimekaa nazo kuliko nilivyokaa na mume. Hazikuwa na kadi juu yake. Kwa mara ya kwanza niliziona zote pamoja, na kabla sijakumbuka sharti la Baba, nilikuwa nimekwisha kusoma. Mtaa wa Posta. Nyumba namba kumi na nne. Chumba cha mbele.

Mtaa wa Posta, nyumba namba kumi na nne, chumba cha mbele, ndipo nilipokuwa nimekaa.

Nikasoma na ukurasa wa kulia, labda doa linanidanganya. Halikunidanganya. Nikatoka mlangoni nikatazama namba iliyopigwa rangi juu ya kizingiti, kama mgeni anayetafuta nyumba ya watu. Moja. Nne. Nimepita chini yake kila asubuhi, na Jumatatu nilikuwa nimeikata kwa mkono wangu, nikiimba wimbo wa Mama, nikisogeza kadi.

Mama wa karanga alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, beseni mapajani. Nikamuuliza, nikijitahidi sauti yangu itoke kama ya mtu anayeuliza hali ya hewa, "Mwenzangu, kuna jambo umesikia kuhusu chumba hiki?"

Akanitazama, akaacha kupepeta. "Fundi, si mmeuza? Mdogo wako aliniambia tangu mwezi uliopita. Kasema mwisho wa mwezi huu nitafute baraza jingine, mwenye nyumba mpya hataki beseni mlangoni."

"Aa, ndiyo," nikasema. "Tumeuza."

"Mimi nilikuwa najiuliza mbona husemi kitu. Nikasema labda unaumia, nisikutoneshe." Akanichotea karanga kwenye karatasi, akaikunja pembe vizuri. "Chukua, za leo bure."

Nikazipokea. Hata muuza karanga alikuwa amepewa taarifa, na muda wa kujiandaa juu yake. Mimi nilipewa muhuri wa kukata. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, lakini hawakusema kwamba kitakuletea na karanga kila siku saa nne.

Nilirudi ndani nikakaa, na nitasema ukweli, sikuumia kwanza kwa sababu ya chumba. Chumba ni matofali. Niliumia kwa sababu ya ile sauti. Redio alijua kwamba sitasoma. Bwana Viatu alipomwagiza muhuri, angeweza kumpeleka kwenye duka la mashine. Lakini angemwambia nini, kwamba wakata mihuri hawawezi kukata muhuri? Basi akaona njia rahisi ni mimi. Alichukua sharti la Baba, lililotufanya tusiweze kuachana, akanifunga nalo macho. Mambo yote niliyodhani ni ya kwetu wawili, kadi, kitabu, taarifa ya habari, yeye aliyageuza kuwa mlango wa kupitia. Na tena akaongeza kichekesho mwishoni ili nicheke. Nikacheka.

Nilikumbuka kijiko cha sukari kisichogonga kikombe. Kumbe mdanganyifu nilikuwa nimemlea mwenyewe.

Alasiri ile nilichukua kipande kipya cha raba. Nikaandika kwa penseli, mwenyewe, nikakigeuza, nikasugua kwa mgongo wa kijiko, mwenyewe. Kadi ya Baba niliiweka kwenye mtoto wa meza. Nikakata huku nasoma, herufi kwa herufi, polepole kama siku ya kwanza ya kazi. Ni maneno mawili tu na alama ya kuuliza. Yalinichukua mpaka wakati wa kufunga mlango. Redio aliporudi na wino nilikuwa nimekwisha kugundisha raba kwenye kibao chake, nimeufunga muhuri ndani ya kitambaa, nafagia.

"Dada leo umechelewa," akasema.

"Kulikuwa na kazi ya mtu."

Ijumaa nilikuja na chupa ya chai kama kawaida. Nilikuwa nimeamua kumpa nafasi moja. Sikutaka kuwa hakimu wa ndugu yangu bila kumsikiliza. Labda, nilijiambia njia nzima, labda jana hakulala, labda leo ndiyo siku aliyojipangia kusema, nami nikimrushia maneno nitamharibia. Ukimpenda mtu unamtungia utetezi hata kabla hajauomba.

Jua likapanda kopo la visu. Nikamimina. Nikasema, "Redio, hebu nisomee tena ule muhuri wa Jumanne, wa yule wakala. Nina wasiwasi nilikosea kwenye mstari wa pili."

Akakivuta kitabu. Kikafunguka pale pale. Nilimwona akiliona lile doa kwenye ukurasa wa kushoto. Kidole chake kilisimama juu yake kidogo, kisha kikahamia kulia. Hakukohoa safari hii. Akasoma, polepole, kwa sauti ile ile nzuri: "Wakala wa Nyumba na Viwanja. Mtaa wa Stesheni, nyumba namba tisini." Akainua macho. "Hakuna kosa hata moja, dada. Mkono wako bado ni ule ule wa Baba."

Sijawahi kupigwa kofi na ndugu yangu. Siku ile nilijua lingekuwa afadhali. Uongo wa Jumanne huenda ulimponyoka kwa hofu. Wa Ijumaa aliutazama usoni, akauchagua, na juu yake akanivisha kilemba cha ukoka.

"Ahsante," nikasema. "Basi kuna mwingine." Nikakifungua kitambaa, nikamsogezea.

"Huu wa nani? Mbona mimi sikuuandika?"

"Wa mteja. Gonga tu, usome."

Akaupaka wino. Akaugonga kwenye ukurasa mpya. Akavuta pumzi ya kutangaza, mkono umeshika kikombe kwa madaha kama zamani, akatoa neno la kwanza, "Taarifa..." Kisha sauti ikakatika. Nilimtazama macho yanavyokwenda na kurudi. Nje mama wa karanga alikuwa anabishana na mtu. Jua lilikuwa limeshuka upande wa pili wa kopo.

"Soma," nikasema.

"Dada."

"Kazi yako ni kusoma. Soma."

Hakusoma. Basi nikasoma mimi, kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi: "Utaniambia lini?"

Akakiweka kikombe chini. "Leo," akasema. "Wallahi, dada, nilikuwa nikuambie leo."

"Leo saa ngapi? Kabla ya kunidanganya mara ya pili au baada yake?"

Akaanza kueleza. Alieleza mengi, na sitasema yote hayakuwa na maana. Kwamba mihuri inakufa. Kwamba ameshachoka kukaa akisubiri Bwana Imelipwa. Kwamba alitaka kunieleza kila asubuhi, lakini alikuwa akiniona napasua zile karanga, anashindwa. Kwamba sehemu yangu ameiweka, nitaipata yote, hatanidhulumu. Nilimwambia sijamuuliza habari za sehemu. Nikamuuliza, "Na wewe utakwenda wapi?"

Hapo akatazama dirisha. "Bwana yule amenipa kazi. Ya kupokea wateja. Kwa sababu ya sauti." Akakisogeza kikombe chake. "Nitakuwa hapa hapa."

"Hapa wapi?"

"Amesema atanipa meza ya dirishani."

Meza ya dirishani ilikuwa yangu. Alikuwa ameuza kiti changu, akabaki na mwanga wangu.

"Na mimi?"

"Wewe upumzike, dada. Macho yenyewe hayo. Umri umekwenda." Alipoona uso wangu akaona sukari haijatosha, akaongeza lile ambalo nadhani alikuwa amejizuia kulisema mwezi mzima: "Na tusisahau, hati ina jina langu. Wewe mwenyewe ndiye uliyesema."

Ni kweli. Mimi mwenyewe ndiye niliyesema. Mbele ya Mama.

Sikupiga kelele. Watu wanaonijua hawaamini, maana nina mdomo. Nilikunywa chai yangu mpaka mwisho, maana niliipika mwenyewe. Kisha nikavua aproni, nikachukua kopo la visu, kadi ya Baba na kitabu. Redio akaweka mkono juu ya kitabu, akasema, "Hiki ni cha wote wawili." Nikamuuliza kina jina la nani. Akauondoa mkono.

Sasa nafanyia kazi nyumbani, dirishani jikoni. Mwanga wake unatoka upande mbaya, na kopo la visu halijui saa. Wiki ya kwanza nilijikuta nimetoa vikombe viwili kila siku, nikakirudisha kimoja kabatini kwa hasira, kana kwamba ni kosa la kikombe. Karanga sinunui. Nilijaribu mara moja, nikazipasua, nikatoa vimoyo vyake, nikakosa wa kunicheka, nikampa jirani. Hilo ndilo ninaloshindwa kumsamehe kuliko hati. Chumba alikuwa na haki ya kukiuza, sheria inasema hivyo. Saa nne haikuwa na hati, na hiyo nayo aliiuza.

Wateja wachache walinifuata. Mama Nakala Halisi alikuwa wa kwanza. Niliandika mwenyewe, nikakata mwenyewe, nikasoma mwenyewe mara tatu, nikamkabidhi kwa majivuno. Baada ya siku mbili akaurudisha, amesimama mlangoni anaona haya kwa niaba yangu. Neno SHULE halikuwa na L. Nilikuwa nimelitazama mara tatu na mara tatu nikaona kile nilichokusudia. Baba hakuwa mjinga. Nilimkatia mwingine, na tangu siku hiyo kabla ya kukabidhi kazi namwita mtoto wa kike wa jirani, aliye darasa la tatu, anisomee. Anasoma kwa kuvutavuta, kidole kwenye kila herufi. Habari hatangazi. Lakini kilichoandikwa ndicho anachosoma.

Miezi mitano baadaye Redio alikuja. Alibisha hodi kama mgeni, nami nikamkaribisha kama mgeni. Alikuwa amevaa shati jeupe la kazini, na kwenye kidole gumba alikuwa na wino uliogoma kutoka. Akatoa muhuri mfukoni, ule wa mistari mitatu.

"Herufi moja imelika," akasema. "Naugonga kutwa nzima. Bwana kasema nikautengeneze kwenye mashine. Nikaona nije kwako kwanza."

Niliutazama. Herufi ya kwanza ya Posta ilikuwa imekatika mguu. Mikato mingine yote ilisimama vizuri. Ilikuwa kazi nzuri, lazima niseme, mojawapo ya kazi zangu nzuri. Nikamwonyesha kigoda. Nikakata herufi mpya, nikaipachika, nikasubiri gundi ishike. Nilimwona akitazama chupa ya chai juu ya meza. Ilikuwa kwenye saa nne, nadhani, kwa mwanga wa jikoni huwezi kuwa na hakika.

Gundi iliposhika nikakifungua kitabu ukurasa mpya, nikaupaka muhuri wino, nikaugonga mwenyewe. Kisha nikakigeuza kitabu kimwelekee.

"Soma."

Sauti ilipotoka haikuwa ile ya juu ya ndoo. Ilikuwa ndogo, ya mtu anayejibu mbele ya mwalimu. "Wakala wa Nyumba na Viwanja," akasema. "Mtaa wa Posta. Nyumba namba kumi na nne." Kidole chake kikashuka mstari wa mwisho. "Chumba cha mbele."

"Kuna kosa?"

"Hakuna, dada."

Nikamrudishia muhuri wake. Akaangalia tena ile chupa, kisha akanyanyuka, akaaga, akaenda. Kitabu nilikiacha wazi mpaka wino ukakauka, kama inavyotakiwa, na chai nikaimimina alipokuwa amekwisha kufika barabarani.